Mgongoni kukoje? Jarida la simu na kidole gumba cha msomaji

Jalada la kwanza nililosanifu kwa ajili ya jarida la simu lilikuwa na ukungu. Mlima Loleza nyuma, paa za Mbeya mbele, na juu yake ukungu mweupe unaotembea polepole, kama ule tunaoamka nao mwezi wa sita. Ukigusa, ukungu unafunguka, mlima unatokea, na jina la jarida linashuka taratibu kutoka juu. Kwenye kompyuta yangu pale Kabwe lilikuwa jambo la kutazamwa. Wenzangu waliligusa mara tatu tatu. Tukapongezana, tukaagiza soda.

Nikamtumia shangazi yangu Tukuyu. Baada ya muda akapiga simu. "Baba, mbona umenitumia karatasi nyeupe?"

Ukungu ulikuwa umefika, mlima haujafika. Picha ilikuwa nzito ikabaki njiani, na hata ingefika, hakuna popote palipoandikwa kwamba ukungu huo unaguswa. Shangazi angejuaje? Ukungu wa Tukuyu anaoishi nao hauguswi. Unasubiriwa. Naye alisubiri, akachoka, akapiga simu.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja katika kazi hii ya kupanga kurasa: katika jarida la mitindo ya maisha, weka mahali pa kugusa pale tu ambapo msomaji tayari ana swali. Kama hana swali, usimpe kitufe. Mpe picha nzuri iliyotulia, halafu umwache.

Huwa unaudhi watu, msimamo huo. Kwenye vikao vya kupanga toleo nasikia "changamsha ukurasa", maana yake tia kitu kinachoruka. Lakini ukurasa shirikishi si ukurasa unaochezacheza, ni ukurasa unaojibu. Nenda soko la Mwanjelwa, simama kwenye meza ya nyanya. Muuzaji amepanga mafungu yake, makubwa mbele na madogo pembeni, na mwenyewe anaongea na jirani. Ukishika fungu tu, amegeuka: "Hilo elfu moja, dada, nikufungie?" Hajaimba, hajacheza. Umegusa, amejibu, na amejibu kile ulichotaka kujua, yaani bei. Usipogusa, mafungu yenyewe yameshakuambia mengi bila mtu kufungua mdomo. Huo ndio mpangilio ninaousema, na yule mama haujifunzi kwenye kozi yoyote.

Ugonjwa wa kurasa zinazoruka haukuanzia Mbeya wala Iringa. iPad, tableti ya Apple, ilipoanza kuuzwa Marekani Aprili 2010, wachapishaji wakubwa waliipokea kama mkombozi. Hatimaye kilikuwapo kioo kikubwa kinachofanana na jarida, na msomaji angeweza kulipishwa. Mei mwaka huohuo Wired, jarida la teknolojia la Marekani, likatoa toleo lake la iPad lenye uzito wa takriban MB 500. Toleo moja! Uzito huo ulitokana na video na mbwembwe, lakini zaidi na jambo la kizamani kabisa: kila ukurasa ulikuwa picha. Tena picha mbili, moja ya kioo kikiwa kimesimama na nyingine kikiwa kimelala, na maneno yamegandishwa humo humo ndani. Huwezi kuyakuza, huwezi kuyatafuta, huwezi kuyanakili. Toleo la kwanza liliuza nakala zaidi ya 100,000. Kufikia Oktoba na Novemba mauzo yalikuwa yameshuka hadi kati ya 22,000 na 23,000 kwa toleo. News Corporation, kampuni kubwa ya habari, nao wakaanzisha gazeti la iPad peke yake, The Daily, Februari 2011. Desemba 2012 likafungwa.

Kinachonifurahisha katika historia hiyo ni kwamba dawa ilitoka mwezi uleule. Mei 2010, msanifu wa kurasa za intaneti aitwaye Ethan Marcotte alichapisha makala akisema tuache kutengeneza ukurasa mmoja kwa kila kioo. Tutengeneze ukurasa mmoja unaojipanga upya kufuatana na upana wa kioo unaousoma: gridi inayopimwa kwa asilimia badala ya vipimo visivyobadilika, picha zinazopungua na kuongezeka pamoja nayo, na kanuni zinazouliza kwanza kioo kina upana gani. Hakuna kilichoruka katika wazo hilo. Lakini ndilo lililobaki, na karibu kila ukurasa unaosomeka vizuri kwenye simu yako leo unalitumia.

Tusiwacheke Wired. Fungua WhatsApp yako sasa hivi, utakuta humo "jarida la kidijitali" lililotumwa kwenye kundi la ukoo au la kanisa. Ni PDF ya karatasi ya A4. Karatasi hiyo ina upana wa milimita 210, kioo cha simu ya kawaida kama 70. Kwa hiyo herufi ya pointi 10 inafika kwa msomaji ikiwa kama pointi 3. Anaikuza kwa vidole viwili, anasoma safu ya kushoto hadi chini, anapanda tena juu, anasogea kulia, anashuka upya. Kidole kinafanya kazi ya ng'ombe wa plau kule Usangu, kwenda na kugeuka, kwenda na kugeuka, ila ng'ombe wale angalau mwisho wa siku wameacha shamba nyuma yao. Mimi mwenyewe nimetengeneza PDF kama hizo. Nilianzia kwenye kadi za harusi na mabango, na mtu wa kadi za harusi anapenda karatasi yake ikae pale alipoiweka. Kukubali kwamba ukurasa wangu utapangika upya mikononi mwa mtu nisiyemwona kulinichukua muda mrefu kuliko kujifunza programu yoyote.

Sasa twende saluni, maana huko ndiko nilikofundishwa.

Jakob Nielsen, mtafiti anayejulikana wa namna watu wanavyotumia kompyuta, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya kasoro za usanifu wako. Kampuni kubwa zina vyumba maalumu vya kuwaketisha hao watano, vyenye kamera na vioo vya kuchungulia. Sisi tuna saluni. Mwanamke anayesukwa ni msomaji wa jarida la simu kwa ukamilifu wake. Ana saa tatu au nne za kukaa. Kichwa kimeshikwa, hawezi kuinama wala kugeuka. Mkono mmoja umebeba rasta anazompasia msusi, wa pili umeshika simu usawa wa kifua, na katika mwili mzima kilicho huru ni kidole gumba. Mwaka 2013 Steven Hoober, msanifu na mtafiti wa matumizi ya simu, aliwatazama watu 1,333 wakitumia simu hadharani, akakuta 49% ya waliokuwa wakigusa kioo wanazishika kwa mkono mmoja. Ningeongeza kwamba saluni za Mbeya zingemwongezea hesabu hiyo. Kwa dada huyu, kona ya juu kushoto ya kioo, ambako wasanifu tunapenda kuficha menyu, ni mbali kama Chunya.

Nilikaa saluni moja Mafiati siku mbili, kwa ruhusa ya mwenyewe, nikiwapa wateja simu yenye toleo letu na kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi. Mtu akipapasa ukurasa akitafuta pa kutokea, ulimi unakuwasha umwambie "hapo chini, dada". Ukisema tu, umeharibu jaribio, kwa sababu huko nyumbani kwake hutakuwepo.

Tulikuwa na kurasa za mishono. Picha sita za vitenge, nzuri, zilizopigwa kwa jua la saa kumi. Nilizipanga zipokezane zenyewe kila baada ya sekunde nne, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nimeona majarida ya nje yakifanya. Matokeo yake, mtu akivutiwa na gauni la pili, kabla hajalikazia macho limeondoka. Anagusa kulirudisha, anagusa wakati lingine linaingia, anapelekwa asikotaka. Wawili wa kwanza waliona picha ya kwanza tu wakashuka chini. Wa tatu alijaribu kuikuza kwa vidole viwili aone shingo ilivyokatwa, ikagoma. Nilikuwa nimezuia picha zisikuzwe ili mpangilio wangu usivurugike. Naona haya kuandika sentensi hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: nililinda ukurasa dhidi ya mtu niliyeutengeneza kwa ajili yake.

Wa nne alitazama gauni kwa muda, akamwinulia msusi simu, wakaliangalia pamoja. Msusi akauliza, "Mgongoni kukoje?"

Swali hilo hatukuwa na jibu lake. Mpigapicha alipiga mbele tu. Katika jarida zima lenye vitu vya kugusa kumi na kadhaa, swali la kwanza alilouliza msomaji mwenyewe halikuwa na pa kuligusa. Kisha dada akafanya kile ambacho wote wanakifanya: akapiga skrinishoti ampelekee fundi cherehani. Skrinishoti ikatoka na nusu ya gauni, mistari mitatu ya menyu, na tangazo la mtu anayeuza viwanja.

Toleo lililofuata tulianza upya kutoka hapo. Picha inajaza upana wote wa kioo, haitembei, inakuzika. Chini yake, ndani ya fremu ileile, kuna mistari miwili: kitenge yadi ngapi, bitana inahitajika au la, zipu iko wapi. Tumeviweka humo makusudi ili skrinishoti ivibebe hadi kwa fundi. Kuna kitufe kimoja tu, kiko chini kulia ambako kidole gumba kinafika bila kujinyoosha, na kimeandikwa "Mgongoni". Ukikigusa, mwanamitindo yuleyule ameshageuka. Kwangu huo ni usanifu shirikishi kuliko ukungu wote wa Loleza, na umekula KB chache zaidi ya picha ya kawaida.

Nikifikiria vizuri, hatukuvumbua kitu. Majarida yetu ya karatasi yalikuwa yanaguswa siku zote. Watu walikuwa wakichana ukurasa wa mshono na kuukunja kwenye pochi hadi kwa fundi. Chemsha bongo ilijazwa kwa penseli ili mdogo mtu naye apate zamu. Fema, jarida la vijana la Femina Hip lililoanza 1999 na kufika hadi mashuleni, liliishi kwa barua za wasomaji na hadithi za picha ambazo mabinti wa bweni zima walisoma nakala moja hadi ikalainika kama kitambaa. Kuchana, kujaza, kuandika barua, kupasiana: hayo ndiyo majibu ambayo karatasi iliyaruhusu bila kumwuliza msanifu. Jarida la simu lisiloweza kufanya hata hayo manne limerudi nyuma, hata kama jalada lake linapumua.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo sijaona likizungumzwa sana. Vitufe vyetu vingi vimeandikwa "Bofya hapa". Kwanza hiyo ni amri, na si kila mtu anapenda kuamrishwa na kioo; mzee wa Rungwe unayemwambia "bofya" bila hata shikamoo anaweza kuizima simu. Pili, na hili ndilo kubwa, neno hilo linamweleza msomaji cha kufanya na kidole, halimwelezi atakachopata. "Mgongoni" linamwambia. "Kwa watu 8" kwenye ukurasa wa mapishi linamwambia. Tulijaribu pia kuandika kwa sauti ya msomaji mwenyewe, "Nione bei", "Nipeleke Matema", na watu walivigusa bila kusita, kama vile kitufe kimesema kilichokuwa mdomoni mwao. Kiswahili kina hiyo bahati: kitenzi kimoja kinabeba nani anataka nini. Kanuni yangu sasa ni kwamba kitufe kinaitwa kwa jina la jibu. Nikishindwa kulitaja jibu kwa neno moja au mawili, mara nyingi nagundua kwamba jibu lenyewe halipo.

Bahati hiyo ina gharama. Maneno yetu ni marefu. "Waliotutembelea", "yanayopatikana", "hatutawasahau": kila moja ni sentensi nzima, na templeti nyingi tunazopakua zimepimwa kwa Kiingereza. Kitufe kilichochorwa kwa herufi nne kinapasuka ukikiandikia "Jiandikishe". Safu nyembamba yenye kingo mbili zilizonyooshwa, ambayo kwenye jarida la Kiingereza inakaa kama askari wa gwaride, kwetu inajaa mianya mikubwa katikati ya maneno kama meno ya mtoto wa darasa la pili. Inyooshe upande wa kushoto tu, acha kulia kuwe na mawimbi. Na usiiachie programu iliyofundishwa Kiingereza ikukatie maneno mwisho wa mstari. Nimeona ikikata "nyumb-ani", mtu yeyote aliyesoma silabi kwa ba-be-bi anajua kuna kosa hapo.

Rangi nitaipita haraka. Kijivu chepesi juu ya nyeupe ni kizuri ofisini, na jua la saa saba mchana Uyole linakifuta kabisa. Kanuni za kimataifa za urahisi wa kusoma zinataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Kuna vipimo vya bure mtandaoni, ni kazi ya dakika mbili.

Ukubwa wa vitufe ni vilevile: Apple wanashauri pointi 44 kwa kila upande, Google wanashauri vizio 48, ambavyo juu ya kioo ni kama milimita 9. Mimi naongeza kidogo. Sababu ni Makete na Njombe mwezi wa saba, watu wamevaa glavu za sufu au vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na vioo vilivyopasuka ambavyo pembe moja haisikii tena. Mtu mwenye kioo kilichopasuka asijikute amefungiwa ndani ya ukurasa kwa kuwa alama ya kufunga nimeiweka kwenye pembe iliyokufa.

Uzito, hata hivyo, siupiti haraka, maana ndio uliomnyima shangazi mlima. Picha iliyotoka kwenye kamera inaweza kuwa na MB 6 au 8, na nimeona majarida yakiipandisha hivyohivyo, kisha yakiipunguza kwa macho tu: inaonekana ndogo kwenye kioo lakini bando linakatwa kwa uzito wote. Tunapunguza upana hadi pikseli 1,080, tunaihifadhi kwa WebP, aina ya faili ambayo Google waliitoa 2010 na ambayo karibu kila simu janja ya leo inaifungua, na picha ya jalada tunaitaka isizidi KB 150. Maandishi yanatangulia, picha zinafuata kadiri msomaji anavyoshuka, na nafasi ya kila picha inatengwa mapema. Hili la mwisho watu wanalisahau. Usipotenga nafasi, mtu anasoma aya ya tatu, picha ya juu inafika kwa kuchelewa, aya inasukumwa chini na kidole kinaangukia tangazo. Yeye anadhani amekosea. Hajakosea.

Jipimie ukiwa safarini. Panda basi la Mbeya kwenda Iringa, fungua toleo lako mwenyewe ukiwa umelipia bando mwenyewe. Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga: angalia ni wapi kiduara kinazunguka tu na wewe umekaa unakitazama. Toleo linalojihifadhi simuni mtandao ukiwepo, ili lisomeke ukikatika, lina thamani kwa abiria huyu kuliko video ya jalada. Na ukipitiliza Iringa kuelekea Dar, basi likiwa kwenye kona za Kitonga, niamini, hakuna aliye na hamu ya kubonyeza kitu chochote.

Kuna mtego mmoja nautaja peke yake kwa kuwa kurasa za utalii zote zinauangukia, nao ni ramani. Unaandika kuhusu Ziwa Ngozi, unabandika katikati ya makala ramani inayosogezwa kwa kidole. Msomaji anashuka, kidole kinafika juu ya ramani, na badala ya ukurasa kushuka, ramani ndiyo inasogea. Anajaribu tena, sasa yuko Zambia. Amenaswa. Tena swali lake halikuwa la ramani kwa maana hiyo. Watu wetu hawaulizi njia kwa latitudo, wanauliza nashukia wapi, naingilia wapi, natembea muda gani, viatu gani. Weka mchoro uliotulia wa barabara ya Mbeya–Tukuyu na njia ya kuingilia msituni, na chini yake kitufe cha kufungua ramani ya simu kwa anayeitaka. Atatoka na kurudi kwa hiari yake.

Wanaonipinga huniletea mfano wa New York Times. Desemba 2012 gazeti hilo lilichapisha simulizi ya maporomoko ya theluji kwenye jimbo la Washington, maandishi, video na milima inayojizungusha vikiwa vimeshonwa pamoja. Mwandishi wake, John Branch, alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka uliofuata. Baada ya hapo dunia nzima ya magazeti ikataka na yenyewe iwe na milima inayozunguka. Lakini tazama ule mlima ulikuwa unafanya nini. Msomaji alikuwa ameshajua kwamba watu walishuka upande fulani na theluji ikawafuata. Swali lililomkaba ni ilikuwaje, walipita wapi, kwa nini hawakuona. Mlima ukazunguka ukamwonyesha. Ulikuwa jibu. Walioiga walichukua mzunguko wakaacha swali, na ndiyo maana hatukumbuki walichoandika. Mimi na ukungu wangu tulikuwa kwenye msafara huohuo, tumechelewa tu miaka kadhaa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni jingine, na sina jibu lake lote. Jarida la mitindo ya maisha, wanasema, si kitabu cha maelekezo. Mtu hulifungua ili aote: nyumba ambayo hajajenga, safari ambayo hajalipia, gauni ambalo mwezi huu haliwezekani. Ukimpa majibu matupu, umeua ndoto. Nakubali. Mabonde ya chai ya Mufindi asubuhi hayahitaji kitufe. Jiwe la Gangilonga jioni, Iringa yote ikiwa chini yake, halihitaji maelezo yanayochomoza ukiligusa. Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho inanisaidia mimi. Ndoto inataka utulivu. Kurasa hizo tunazipa picha moja inayojaza kioo, mstari mmoja, na hakuna cha kugusa, na pale saluni ndizo nilizoona watu wakikaa nazo muda mrefu bila kidole kusogea. Kinachobaki kigumu ni matangazo. Mwenye duka la fanicha analipa zaidi tangazo lake likiruka, na mishahara yetu inatoka humo. Hapo tunabishana kila mwezi, na si mara zote nashinda.

Ubishi wa karibuni ulikuwa wa Kitulo. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa 2005 na ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, ina maua ya aina nyingi mno, aina 45 za okidi za ardhini zikiwemo. Swali la msomaji ni moja: niende lini? Kwa hiyo tukatengeneza ukurasa wa miezi. Vitufe kumi na viwili, safu tatu kwa mistari minne ili "Septemba" ienee bila kubanwa, vyote vikiwa nusu ya chini ya kioo. Unagusa mwezi, picha ya juu inabadilika pamoja na mistari miwili ya maelezo. Desemba hadi Aprili ni sherehe, maua yako kileleni na matope pia yako kileleni. Septemba hadi Novemba hali ya hewa ni tulivu kwa kutembea, maua machache.

Mhariri wa biashara akataka miezi ya katikati ya mwaka ifutwe, kwa sababu mwenye nyumba ya wageni aliyetangaza kando ya makala hatapenda. Nikasema ukurasa wa miezi wenye miezi tisa ni kalenda iliyopasuka, na mtu mwenye likizo Julai atagusa pale palipofutwa kabla ya pengine popote. Tulivutana hadi giza likaingia. Mwishowe tangazo likahamishiwa kwenye makala ya Matema, na Julai ikabaki. Ukiigusa inatokea nyasi kavu, ukungu uliopigwa picha ukiwa umetulia, na maneno haya: "Maua karibu hakuna. Baridi kali. Ukienda, chukua koti."